Tumepewa kazi ya sanamu ya amani mtaani, tuunde nini?

fundi_wa_laini

Habari zenu wasee. Mimi ni fundi wa kuchomelea huku Kibera, mageti, madirisha, majiko ya mkaa, na nikipata muda naunda sanamu za vyuma chakavu, ndege, punda, kuna siku niliunda makanga ananing'inia kwa mlango wa matatu mteja akaipenda akaibeba mpaka Rongai. Sasa kikundi chetu cha vijana kimepata msaada kidogo, tuunde sanamu ya amani kabla ya kura ya 2027. Mahali tunapo, ni pale palikuwa na jalala tukasafisha, si mbali na reli. Na reli ya huku mnajua historia yake, 2008 kwenye fujo za baada ya kura ilivyong'olewa, na soko la Toi lilivyochomwa likaisha. Wengine waliokuwa mbele siku hizo leo ni baba za watu, tunakunywa chai nao na hakuna mtu anauliza mtu kitu.

Shida ni hii. Wenye pesa wanataka njiwa juu ya mikono miwili inayosalimiana. Mchoro wameshaleta, uko na rangi na kila kitu. Mimi nikiuangalia sisikii chochote. Nikamwonyesha mama mmoja anauza mandazi hapo karibu akaniuliza "hii ni ya kanisa ama ya benki?" nikakosa la kumjibu.

Kwa hivyo naulizia hapa. Kuna mtu amewahi kuona sanamu ikisaidia watu waliokosana kweli kweli, ama ni pesa inaliwa, picha zinapigwa, mheshimiwa anakata utepe, basi? Na kama husaidia, husaidia vipi? Pia mniambie nitumie nini, chuma, simenti ama jiwe, maana itakaa nje kwa jua na mvua na watoto watapanda juu. Msinitukane tafadhali, nauliza kwa roho safi.

mzee_wa_jericho

Kijana wangu, swali ni zuri lakini jibu langu halitakufurahisha. Nenda Central Park uangalie mnara wa Nyayo, ule mkono mkubwa ulioshika rungu ukitokea kwenye kilele cha Mlima Kenya. Ulijengwa 1988, Moi alipofikisha miaka 10 kwenye kiti. Amani, upendo na umoja ndiyo ilikuwa nyimbo ya kila siku, tuliiimba shuleni, tukaiimba ofisini, tukaiimba kwenye viwanja vya mpira. Sasa kutoka hapo mnarani tembea kidogo tu ufike Nyayo House. Chini ya lile jengo ndiko watu walifungiwa kwenye vyumba vya giza vilivyojazwa maji, wakipigwa wakubali kuwa ni wa Mwakenya, kile kikundi cha siri cha kupinga serikali. Juu amani, chini kilio, na barabara ni ile ile.

Ndiyo maana mimi nikisikia sanamu ya amani inaletwa na mtu mwenye pesa nashika mfuko wangu kwanza. 2013 tulihubiriwa amani mpaka mtu akiuliza kura zimehesabiwa namna gani anaitwa mchochezi. Tume ya ukweli na haki ilitoa ripoti mwaka huo huo, na mpaka leo kuna watu wanangojea fidia na wengine wamekufa wakingoja. Na hiyo mikono inayosalimiana, si kila mtu ataona ni ile handisheki ya Uhuru na Raila ya 2018 pale Harambee House? Wakubwa walisalimiana, na kule kwenu nani alimsalimia nani? Hizo pesa mngetafutia watu wakili.

patasi_na_maji

Mzee wa Jericho nakuheshimu, lakini mnara wa mtawala ni kitu kingine na sanamu ya mtaa ni kitu kingine, usizifunge kwa kamba moja. Yule hakuuliza mtu, alijijengea mwenyewe. Huyu kijana ameuliza mpaka muuza mandazi.

Fundi, mimi nimezaliwa Tabaka, Kisii, kazi yangu ni jiwe tangu utotoni. Kwetu linachimbwa kwa mkono, unalichonga likiwa bado na unyevu, panga kwanza kutoa umbo halafu kisu, ukimaliza unalisugua na msasa ndani ya beseni la maji mpaka vidole vinakunjamana, mwisho nta. Mzee Elkana Ong'esa ni wa huko kwetu na ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO kule Paris. Na huyo ndege si njiwa! Ni enyamuchera, kale kandege kadogo kanakotingisha mkia, kwetu ni ndege wa heri, ukikutana naye asubuhi unatoka safari unaenda ukijua mambo yatakuwa sawa. Mzee alitoka na kitu cha nyumbani akakisimamisha Paris na watu wa Paris wakakielewa. Nyanya yangu ungemwonyesha njiwa angekuuliza unataka apike na ugali ama na wimbi.

Kwa hivyo kabla hujashika grainda, zunguka hapo kwenu. Kibera iko na Wanubi, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii, kila mtu ana jinsi wazee wake walikuwa wanamaliza ugomvi. Mmasai akikujia ameshika nyasi mkononi amekuambia hataki vita, hahitaji kuongeza neno. Uliza vitu vya namna hiyo. Utapata michoro kumi mizuri kuliko hiyo umeletewa.

Sasa kuhusu vifaa. Jiwe letu napenda lakini kwa hapo nje litakusumbua, ni laini, ukucha unalikwaruza, wiki moja tu utakuta "Brayo anampenda Shiru" limechongwa kwa tumbo. Chuma tupu ukikiacha usiku asubuhi kiko kwa mizani ya skrapu. Mimi ningeenda na simenti, fremu ya chuma ndani, waya ya kuku juu yake, halafu unapaka simenti kidogo kidogo huku ukiinyunyizia maji. Inadumu na bei yake ni ya watu wetu.

makanga_mstaafu

Hiyo ya skrapu ni ukweli mtupu 😂😂 2022 serikali mpaka ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa juu watu walikuwa wanakula nguzo za stima. Kama walikula nguzo ya stima yenye moto, sanamu yako ya amani ni nani?

Halafu fundi, ile ya makanga ananing'inia unaweza niundia nyingine? Niko serious, nitumie bei inboksi.

mama_wa_udongo

Fundi mwanangu, mimi si msanii, ni mshauri, nakaa na watu waliopitia mambo mazito, wengi wao akina mama wa mitaani. Nimesoma maswali yako yote lakini nitajibu lile la husaidia vipi kwa sababu ndilo ninalolijua.

Sisi tunatumia udongo wa kawaida wa kufinyanga. Mtu ukimwambia akueleze yaliyompata, ama anafunga mdomo, ama anakupa ile hadithi amezoea kuwapa watu wa mashirika, anaitoa yote bila kupumua na uso wake haubadiliki hata kidogo. Lakini mpe bonge la udongo umwache. Mikono inaanza kazi kabla kichwa hakijakataa.

Kuna mama mmoja aliunda mlango. Mlango tu, umesimama peke yake mezani, hauna nyumba. Akaunda na kufuli. Akaibandika upande wa ndani, akaibandua, akaibandika upande wa nje, akaibandua tena, hivyo hivyo, hasemi kitu. Aliyekuwa ameketi kando yake ni jirani yake wa zamani, wa lile kabila lingine, na hawakuwa wamesemezana tangu 2008 ingawa wanateka maji mfereji mmoja. Yule jirani akaangalia ile kufuli muda mrefu, akasema polepole, "Mimi nilisikia ukigonga." Hakuna aliyemjibu. Chai ilipoa hapo mezani, na siku hiyo hatukuendelea na kazi nyingine. Baada ya wiki kadhaa ndipo walianza kusalimiana, na hata hivyo sikuambii ni marafiki, nakuambia wanasalimiana.

Sasa ndiyo uone, ule mlango haukuwa mzuri. Ulikuwa umepinda. Wafadhili wetu walitaka vile vitu vipelekwe kwenye maonyesho, wenyewe wakakataa, tukavivunja tukarudisha udongo kwenye ndoo. Walichotaka ni kuunda, hawakutaka kuangaliwa.

Kwa hivyo mimi ningekuomba mambo haya. Usimuite mtu asamehe mbele ya kamera, hata kama amekubali, usifanye. Usiweke moto, wala nyumba inayoungua, wala mtu ameanguka, mahali ambapo mama anapita na mtungi kila siku, kuna watu wataanza kuzungukia njia nyingine na hutajua ni kwa nini. Na siku za kuunda, awepo mtu wa kukaa na yule atakayezidiwa, maana atakuwepo.

Mzee wa Jericho hasira yake ni ya haki. Mtu hawezi kupona halafu yule aliyemuumiza anapita na gari kubwa akimpungia mkono.

fundi_wa_laini

Asante sana mama, hiyo ya mlango nimeisoma mara ya pili nikaweka simu chini kwanza.

Sasa kuna kitu kimetokea. Nilipoambia vijana tunaweza kutumia vitu vya watu wenyewe, jamaa wawili wakaniambia kando wana mapanga ya ile wakati, yamefungwa kwa gunia chini ya kitanda tangu zamani, bibi zao hawapendi lakini kutupa pia wanaogopa. Wako tayari kuleta. Mwingine akataja vipande vya reli. Nimewahi kusikia kuna nchi walichomelea bunduki zikawa sanamu, ni kweli ama ni stori za vijiweni?

bahari_na_bara

Ni kweli kabisa kaka, ni Msumbiji. Vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ilianza 1977 ikaisha 1992 walipotia sahihi kule Roma, na nchi ikabaki imejaa bunduki, zingine zimezikwa mashambani, zingine juu ya dari. 1995 askofu Dinis Sengulane na baraza la makanisa wakaanzisha mpango, unaleta silaha, unapewa kitu cha kutafutia riziki, jembe, cherehani, baiskeli, mabati. Hakuna aliyekuuliza ulipigania upande gani, na nadhani hiyo ndiyo ilifanya watu wathubutu kuja. Silaha zilikatwakatwa kwanza zisifanye kazi tena, ndipo wasanii wa Maputo wakapewa vipande.

Kilichojulikana zaidi ni kiti cha Cristóvão Canhavato, wanamwita Kester, alikiunda 2001, sasa kiko British Museum kule London. Ni kiti cha kukalia cha kawaida ila kila mguu na kila mkono wake ni bunduki. Angalia picha yake vizuri, sehemu ya mgongo kuna vitako viwili vya bunduki vya mbao, na matundu ya skrubu pamoja na lile pengo la kupitishia mkanda yanafanana na macho na mdomo, zinakaa nyuso mbili zinatabasamu. Kester alisema hakuchonga hizo nyuso, zilikuwa hapo tayari. Na hakuna hata bunduki moja kwa kile kiti iliyotengenezwa Afrika, zote zililetwa. Baadaye wanne wao wakaunda mti mzima wa silaha, na wanyama chini yake. Gonçalo Mabunda naye mpaka leo anaunda vinyago na viti vya enzi kwa silaha hizo hizo.

Lakini fundi, kwa hapo kwenu: mapanga sawa, panga ni chombo cha shamba. Mtu akikuletea bunduki au risasi usiguse, usiipeleke kwa karakana, huko unatafuta kesi ambayo sanamu haitakutoa. Na reli ni mali ya serikali, hata kipande, wachana nayo.

tembea_jiji

Mimi nawapeleka watoto wa shule matembezi ya mjini kwa hivyo sanamu za Nairobi nazijua kwa miguu. Na sikubaliani kabisa na mama wa udongo hapo kwa kuvunja. Kwa wale mama sawa, waliamua wenyewe. Lakini mtaa mzima lazima ubaki na kitu, la sivyo miaka 20 mtoto anazaliwa anaambiwa hakuna kilichotokea hapa.

Sanamu ya Dedan Kimathi wa Mau Mau, pale kwa barabara yake, ilizinduliwa Februari 2007, miaka 50 baada ya kunyongwa, kazi ya Kevin Oduor. Bunduki mkononi, kichwa juu, watoto wanampenda, wanapiga picha. Lakini ile inawanyamazisha watoto ni ile nyingine ya Uhuru Park, ukumbusho wa Mau Mau wa 2015, ambao Waingereza walilipia baada ya kukubali mwaka 2013 kuwalipa wazee walioteswa. Pale kuna mpiganaji na mwanamke anampa chakula. Hawaangaliani. Kila mmoja amegeuza uso kando, ili akishikwa akapigwa amtaje mwenzake, aweze kusema hakumwona. Hapo kuna woga, kuna upendo, kuna ulimi uliofungwa, na hakuna njiwa popote. Watoto wenyewe huuliza "mbona wamenuniana?" na ukishaulizwa hivyo somo limeanza, wewe kazi yako ni kujibu tu.

Na mzee wa Jericho, si kila amani ililetwa na mwenye pesa. Mwanzo wa 2008 wakati huko Kibera kunawaka, Solo7, msanii wa hapo hapo, alizunguka na rangi na brashi akiandika kwa kuta na kwa mabati kwamba amani inatafutwa, na inatakiwa ikiwa hai. Alijaza mtaa mzima. Hakungoja mtu amtume.

mzee_wa_jericho

Huyo Solo7 namkubali, alikuwa huko moshi ukiwa bado machoni. Nilichokataa ni amani ya kuletewa na lori.

Lakini neno moja silitoi. Mkiweka ukumbusho wekeni majina, kama yale ya ukuta wa waliouawa na bomu la Agosti 7, 1998 pale Moi Avenue, unasimama unasoma mtu mmoja mmoja. Ripoti ya Waki, ile tume iliyochunguza fujo za baada ya kura, ilihesabu waliokufa 1,133, na zaidi ya theluthi walikufa kwa risasi. Wananchi wa mtaani hawakuwa na risasi. Mkiandika waliokatwa na jirani mwandike na waliopigwa risasi na polisi, la sivyo mtakuwa mnawaambia maskini wasameheane wao kwa wao na serikali inakaa pembeni inapiga makofi.

fundi_wa_laini

Tumekaa kikao jana, wazee, vijana, kina mama, na imekuwa moto. Majina tumekubaliana yatakuwepo lakini familia lazima zikubali kwanza, kuna nyumba mbili zimekataa kabisa na hatutawalazimisha. Hiyo ya polisi wazee wengine waliogopa wakasema tutafungiwa sanamu kabla haijakauka, tukapiga kura, wanaotaka wakashinda kwa kura chache. Wenye pesa tumewaambia njiwa hapana. Wamenuna, wamesema bajeti itaangaliwa upya, wacha iangaliwe.

Kitu watu walitaka sana ni mahali pa kukaa. Kila mtu anataka benchi! Kwa hivyo inakuwa benchi ya simenti ya mviringo, majina kwa mgongo, na katikati yale mapanga. Yamefika tisa sasa, sijui yalikuwa wapi yote. Tukagombana tena, vijana wanataka panga lionekane ni panga, kina mama wanasema hawataki kuliona. Nikakumbuka ile ya nyasi ya patasi. Nikalikata moja kwa urefu, nikalichoma kwa moto nikalipinda kidogo, kweli linakaa jani refu la nyasi, lakini ukikaribia unaona alama ya kiwanda bado iko kwa chuma. Kina mama wakaangalia, mmoja akasema haya, wengine wakanyamaza, nikachukulia ni ndiyo, lakini nitawauliza tena nikiwa na manne.

Sasa shida ni makali na watoto. Patasi nisaidie hapo, na pia yatashikwa vipi yasing'olewe.

mama_wa_udongo

Usichukulie kimya ni ndiyo, mwanangu. Uliza mmoja mmoja, nyumbani kwake. Na wale waliolala na panga chini ya kitanda miaka yote hiyo, wao ndio wapinde, wewe washikie koleo.

patasi_na_maji

Hilo la mama ulifuate vile amesema.

Makali yote yaondoe kwa grainda kwanza, usisubiri mpaka yameshakuwa nyasi, maana ukishapinda hufikii upande wa ndani. Halafu sugua na msasa wa chuma mpaka upitishe kidole gumba bila kuogopa. Ncha usiache imechongoka, ipashe moto iwe nyekundu, ikunje nyuma kama duara dogo, mtoto akianguka juu yake asitoboke jicho. Urefu usipite kiuno cha mtu mzima.

Kushika: kila jani lichomelee kwa chuma cha ujenzi kilichopinda chini, vyuma vyote uvifunge kwa fremu moja chini ya ardhi, ndipo umwage zege. Mtu akitaka kung'oa jani moja itabidi ang'oe yote pamoja na benchi na wale wameikalia. Chimba mpaka ufikie udongo wa kweli, hapo palikuwa jalala, chini kuna mifuko ya plastiki tupu, ukijenga juu ya takataka benchi itapasuka mvua ya kwanza ikinyesha. Majina usichore juu ya simenti kavu, yaandike ikiwa bado mbichi, na herufi ziwe za kina, maji yasituame ndani. Rangi ya kuzuia kutu weka ya kwanza, iache ikauke kabisa, ndio uweke ya pili. Ile ya bei rahisi ya kupimiwa kwa chupa usinunue, inabanduka.